Mkanda wa Msumeno na Mbao Zetu



Tulipopeleka magogo ya msaji Chumbageni, Tanga, yapasuliwe mbao za mlango wa ghala la karafuu, tulirudi na mbao zilizopinda. Tuliulaumu mti, kumbe kosa lilikuwa la msumeno, ule mkanda wa chuma wenye meno uzungukao magurudumu mawili. Basi yafaa kila mmoja wetu ajue haya kabla ya kukabidhi gogo lake.

Mkanda mpana hupasua kwa mstari ulionyoka. Mwembamba ni wa kukata mviringo. Gogo nene lataka meno makubwa yaliyoachana, ili unga upate pa kutokea. Ubao mwembamba wataka meno madogo, yasipungue matatu ndani ya mti kwa wakati mmoja. Msaji una chembe kama za mchanga, nao hufanya meno kuwa butu upesi. Ukiona moshi, au fundi akisukuma kwa nguvu, mwombe abadili mkanda.

Mwenye mashine naye aizime kwanza, ausafishe mkanda utomvu kwa mafuta ya taa na kuufuta ukauke, aukaze sawasawa, na jioni aulegeze. Mkanda wenye ufa usitumiwe kabisa: ukikatika, waweza kumjeruhi mtu vibaya.

Katibu