MGONGO UNAOUMA UKIPUMZIKA

Mama wa kijijini akilalamika mgongo, jibu huwa liko tayari: ni jembe, ni ndoo ya maji, ni mtoto anayebebwa. Mara nyingi jibu hilo ni sahihi. Lakini yapo maumivu ya mgongo yasiyoletwa na kazi, nayo huwapata hata wasichana ambao hawajazaa. Hii ni baridi yabisi ya uti wa mgongo.

Katika ugonjwa huu kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huushambulia mwili wenyewe. Kwa kawaida huanzia pale uti wa mgongo unapoungana na mifupa ya nyonga. Usipotibiwa, baada ya miaka mingi mifupa ya mgongo yaweza kushikamana, mgonjwa akashindwa kuinama au kugeuza shingo. Hauambukizi, wala si wa kurogwa.

Jambo kubwa la kuangalia ni saa ya maumivu. Mgongo uliochoshwa na jembe huuma jioni, na mtu akilala hupata nafuu. Huu ni kinyume chake. Maumivu humwamsha mgonjwa usiku wa manane au alfajiri, na akiamka mgongo umekakamaa kama ubao kwa nusu saa au zaidi. Akishateka maji na kufagia uwanja, unalegea. Ndiyo maana watu wa nyumbani hawamsadiki: wao humwona akiwa kazini tu. Maumivu haya huanza polepole, kwa kawaida kabla ya umri wa miaka 45, nayo hudumu zaidi ya miezi 3. Wengine huumwa kalio la kulia, kisha la kushoto, au visigino. Wengine jicho moja huwa jekundu, likauma na kuogopa mwanga. La jicho lisingojewe, laweza kupofusha.

Vitabu vya zamani vya udaktari viliuita ugonjwa huu wa wanaume. Kwa mwanamke 1 walihesabiwa wanaume 9 au 10. Hesabu hiyo ilitegemea picha za eksirei, na kwa wanawake mifupa huchelewa kuonyesha mabadiliko. Sasa inajulikana kuwa mwanzoni mwa ugonjwa wanawake wanakaribia kuwa sawa na wanaume. Hata hivyo wao ndio wanaochelewa zaidi kutambuliwa. Maumivu yao mara nyingi huenea shingoni na mwilini, basi huambiwa ni uchovu au mawazo.

Kwa hiyo eksirei safi haimalizi shauri. Picha ya MRI, inayopigwa katika hospitali kubwa, yaweza kuonyesha uvimbe mapema. Kipo pia kipimo cha damu cha alama ya kurithi iitwayo HLA-B27. Uhusiano wake na ugonjwa huu uligunduliwa mwaka 1973, na wagonjwa wengi wa Ulaya wanayo. Kwetu Afrika, kusini mwa Sahara, alama hiyo ni adimu, na wapo wagonjwa wasio nayo.

Ufikapo zahanati usiseme tu "mgongo unaniuma." Eleza ulianza lini, unauma saa ngapi, na ukifanya kazi unakuwaje. Taja jicho, na ndugu wa damu mwenye shida kama hiyo. Mganga atauliza pia habari za homa, jasho la usiku na kukonda, maana kifua kikuu nacho hushika uti wa mgongo, na wafugaji hupata brusela. Miguu ikilegea au mkojo usipozuilika, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Matibabu huanza na dawa za kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni. Zikikupa nafuu kubwa kwa siku 1 au 2, mwambie mganga. Hiyo nayo ni dalili. Usizinunue ovyo dukani, kwani huleta vidonda vya tumbo, na mjamzito asizimeze bila kuuliza. Zisipofaa, hospitali kubwa zina sindano mpya, ila bei yake ni kali. Pamoja na dawa, mgonjwa ajinyooshe kila siku: alale kifudifudi mkekani kwa muda, kisha asimame ukutani, visigino na kisogo vikigusa ukuta.