Kiboko si tiba kwa mtoto asiyetulia

KATIKA madarasa mengi ya shule za msingi huwapo mwanafunzi asiyetulia. Huinuka kitini kila mara, hujibu swali kabla halijamalizwa kuulizwa, hupoteza kalamu kila wiki na huacha kazi ya ziada katikati. Aghalabu huitwa mtundu, mkaidi au mzembe, na dawa anayoandaliwa ni kiboko.

Hata hivyo, huenda mtoto huyo ana ADHD, hali ya ukuaji wa ubongo inayomfanya ashindwe kumakinika, kutulia na kujizuia kama wenzake wa umri wake. Uchanganuzi wa tafiti kutoka mabara mbalimbali uliochapishwa mwaka wa 2007 ulikadiria kuwa takriban asilimia 5 ya watoto duniani wana hali hiyo. Wala si jambo la juzi, kwani daktari George Still aliwaeleza watoto wa aina hii katika mihadhara yake jijini London mwaka wa 1902.

Chanzo chake kikuu ni urithi, si malezi mabaya. Sukari nayo husingiziwa bure. Majaribio yaliyochanganuliwa mwaka wa 1995 yalibainisha kuwa haibadilishi tabia ya watoto, ingawa yapo madhara mengine ya kuila kupita kiasi, yakiwemo kuoza kwa meno.

Si kila mtoto msumbufu aliye na ADHD. Kwa mujibu wa vigezo vilivyotolewa na chama cha madaktari wa akili cha Marekani mwaka wa 2013, dalili sharti zijitokeze kabla ya umri wa miaka 12, zidumu kwa angalau miezi sita na zionekane mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na shuleni. Mtoto anayesumbua wakati wa somo la hesabu pekee huenda tatizo lake ni hesabu.

Aidha, yapo mambo yanayofanana na ADHD, na la kwanza ni uhaba wa usingizi. Mtu mzima asiyelala vyema husinzia, ilhali mtoto huweza kuzidi kuchachawa, kukasirika upesi na kusahau anachofunzwa. Wataalamu wa usingizi nchini Marekani walipendekeza mwaka wa 2016 kwamba mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale kati ya saa 9 na 12 kila siku.

Mtoto anayelala saa nne usiku baada ya kazi ya ziada, kisha akaamshwa saa kumi alfajiri ili asiachwe na basi la shule, hupata saa 6 pekee. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka wa 2015 ziliweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa na nusu alasiri. Masomo ya alfajiri hayamo katika mpango huo.

Kwa mtoto aliye na ADHD kwa hakika, mazoea mema hayaponyi, lakini humpunguzia mzigo. Utafiti uliofanyiwa watoto wa miaka 7 hadi 11 nchini Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kuwa wenye hali hii walikuwa na mazoea machache ya kiafya kuliko wenzao. Hilo si sababu ya kumlaumu mzazi, maana ADHD yenyewe humfanya mtoto achelewe kupata usingizi na asifuate ratiba.

Mzazi anaweza kuanza na mambo machache. Saa ya kulala iwe ile ile kila siku, na runinga na simu zizimwe mapema na zisiwekwe chumbani. Mtoto apate angalau dakika 60 za kukimbia na kucheza kila siku, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mwaka wa 2020. Anywe chai kwa yai au viazi vitamu kabla ya kwenda shuleni. Mkoba upangwe jioni. Aagizwe jambo moja kwa wakati mmoja, na anapolitimiza asifiwe papo hapo.

Wengine huhitaji dawa. Kwa watoto wa miaka 4 na 5, mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa mwaka wa 2019 hutanguliza mafunzo kwa wazazi kabla ya dawa. Kwa kuwa baadhi ya dawa hizo hupunguza hamu ya chakula, ni vyema mtoto ashibe kabla ya kuzimeza.

Kiboko hakimo katika orodha hiyo. Kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 ikakifanya kuwa kosa. Mtoto mwenye ADHD mara nyingi anaijua kanuni. Kinachomshinda ni kujizuia wakati ufaao. Fimbo humwongezea hofu na chuki ya shule tu.

Mzazi mwenye shaka azungumze kwanza na mwalimu wa darasa, aandike anayoyaona kwa wiki kadhaa, kisha ampeleke mtoto hospitalini au katika kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu. Masikio, macho, damu na dalili za kifafa zichunguzwe pia, kwani mtoto asiyesikia vyema naye huonekana kama asiyetii.