Akili Bandia na Ufundishaji wa Arudhi ya Kiswahili

Tangu kampuni ya OpenAI ilipoitoa kwa umma programu iitwayo ChatGPT mwezi wa Novemba 2022, wahadhiri wa lugha wamekabiliwa na swali ambalo halikuwasumbua sana watangulizi wao: mwanafunzi aletapo shairi, ni nani aliyelitunga? Baadhi yao wamejaribu kulijibu kwa njia ya upelelezi. Njia hiyo haina msingi imara. Kampuni hiyo hiyo ilitoa chombo cha kutambulia maandishi ya mashine mnamo Januari 2023, ikakiondoa Julai mwaka huo huo kwa kuwa usahihi wake ulikuwa mdogo.

Makala haya yanakusudia kueleza njia nyingine, nayo ni kuyafanya matungo ya mashine yawe kitu cha kuchunguzwa katika somo lenyewe. Mfano utakaotumiwa ni arudhi, kwa sababu hapo dosari huweza kuhesabiwa.

Yafaa kwanza ieleweke jinsi akili bandia (wengine husema akili unde, au akili mnemba) inavyofanya kazi. Mashine ya namna hii haisomi silabi. Maandishi hukatwa vipande kwa kadiri vipande hivyo vinavyojirudia katika hazina kubwa ya matini, ambayo sehemu yake kubwa ni Kiingereza. Kisha mashine hukadiria ni kipande gani kielekeacho kufuata. Vipande hivyo si lazima vilingane na silabi wala mofimu za Kiswahili. Basi iombwapo tarbia yenye mizani 16 katika kila mshororo, 8 za ukwapi na 8 za utao, huleta kitu chenye sura ya tarbia: mishororo minne, koma katikati, na vina vinavyokaribia kufanana. Mizani zenyewe huenda zikawa 14 hapa na 17 pale.

Lililo na manufaa zaidi kwa mwalimu ni sababu ya makosa hayo. Neno "mbuni" likiwa jina la ndege lina mizani 2, mbu-ni. Likiwa na maana ya mtu mwenye kubuni lina mizani 3, m-bu-ni. Kadhalika "mbaya" ina mizani 3 katika "mtoto mbaya", na 2 katika "njia mbaya", kwa kuwa kiambishi cha ngeli ya watu ni silabi kamili, ilhali nazali ya ngeli ya "njia" huungana na konsonanti inayoifuata. Herufi ni zile zile. Sikio ndilo litofautishalo. Hutokea hata mashine ikaieleza kanuni hii kwa ufasaha, kisha ikaivunja katika ubeti iutungao papo hapo.

Utaratibu wa zoezi ni muhimu. Mwanafunzi hutunga kwanza ubeti wake mwenyewe, darasani, bila mashine. Utaratibu huu ukipinduliwa, ulaini wa maneno ya mashine humteka kabla hajapata kauli yake. Baadaye mashine huombwa ubeti juu ya mada ile ile. Mwanafunzi huuhesabu kwa sauti, huusahihisha, na hueleza kwa maandishi sababu ya kila badiliko. Alama hutolewa kwa maelezo hayo. Simu moja yatosha kundi zima.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Amri Abedi alizieleza sheria za utunzi katika kitabu chake cha 1954. Kezilahabi, katika "Kichomi" ya 1974, alitunga bila kufungwa nazo, na mabishano yaliyofuata yanajulikana. Je, ubeti wa mashine usio na mizani kamili si shairi huru? La. Kezilahabi aliacha kwa kukusudia. Mashine iliyoombwa tarbia imekosa kilichoombwa, na aghalabu hudai kuwa imekitimiza. Kuacha na kukosa ni mambo mawili, na kuyatenga ni sehemu ya somo.

Mashine hizi hubadilika upesi, na huenda hesabu ya mizani ikarekebika. Hapo uchunguzi wafaa uhamie kwenye lahaja. Mashine iliyozoea Kiswahili sanifu, ikipewa ubeti wa Kimvita iusanifishe, huweza kuandika "macho" mahali pa "mato", na kina cha "to" kikapotea katika mshororo ule.