Pua Yalia kwa Kosa la Jino

Huko Umwe, Ikwiriri, kila mama ajua kwamba muhogo mchungu si chakula mpaka umelowekwa na kukaushwa. Ulimi ndio askari wa kwanza, na uchungu ni onyo la sumu. Lakini askari hao hatukugawiwa sawasawa. Mwaka 1931 mtaalamu wa Marekani, Arthur Fox, alitimua vumbi la unga wa dawa kazini mwake. Mwenzake akalalamika kwa uchungu, Fox mwenyewe asionje kitu. Ikathibitika baadaye kuwa tofauti hiyo hurithiwa, na mwaka 2003 jeni yake ikatambuliwa, yaitwa TAS2R38.

Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walionyesha ajabu kubwa zaidi: kipokezi hicho cha uchungu kimo pia puani, na katika vyumba vya hewa vilivyomo ndani ya mifupa ya uso. Huko hakionji chakula. Hunasa dalili za bakteria wa namna fulani, kikaamsha hewa ya kuwaua, na kuhimiza vinywele vidogo mno viwafagie nje. Aliyerithi kipokezi kikali huamka upesi. Aliyerithi kilicho dhaifu huelekea zaidi kuugua maradhi ya vyumba hivyo.

Je, mfanyakazi aseme, "Nimezaliwa hivi, sina la kufanya"? Sisi twakataa kabisa.

Maana yako maradhi ya vyumba hivyo yasiyoingia kwa njia ya pua. Mizizi ya magego ya juu hukaribiana mno na sakafu ya chumba cha hewa kilichomo shavuni, na pengine mfupa unaoitenga ni mwembamba kama karatasi. Jino likioza mpaka kiini chake, usaha hupenya juu. Adui huyu hakupita mlangoni penye askari. Ametoboa sakafu ya nyumba. Basi hata mwenye kipokezi kikali asijidanganye.

Dalili zake zafaa zijulikane: kamasi za upande mmoja zenye harufu mbaya, na shavu kuwa zito. Jino lenyewe huenda haliumi, kwa kuwa kiini chake kimekwisha kufa. Kwa hiyo mgonjwa hununua vidonge dukani, apata nafuu, na baada ya siku chache maradhi yarudi. Hayatakoma mpaka jino litibiwe au ling'olewe. Yakiachwa, yaweza kufika jichoni, hata ubongoni.

Twajua kwamba mtu wa Umwe aendaye hospitali ya wilaya huko Utete sharti avuke mto. Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, limerahisisha safari, lakini nauli ni nauli, na siku ya kazi ikipotea hairudi. Ndiyo sababu twasema kiti cha meno na mganga wake si anasa ya watu wa mjini. Madiwani walidai jambo hili katika bajeti zao. Wajumbe wa mashina walieleze mikutanoni. Na kila mganga apokeaye mgonjwa wa pua ya upande mmoja amwambie kwanza afumbue kinywa.

Urithi hatuuchagui. Jino bovu twaweza kulitibu, na yatupasa tulitibu mapema.