Maneno arobaini ya Kiswahili na mchezo wa kitenge

Februari 2008, jarida la Science la Marekani lilichapisha jaribio lililotufaa sisi hasa, kwa sababu lilifanywa kwa maneno yetu. Jeffrey Karpicke na Henry Roediger waliwachukua wanafunzi wa chuo kikuu wasiojua Kiswahili, wakawapa maneno 40 wayajue pamoja na maana zake kwa Kiingereza. Mojawapo lilikuwa mashua. Tangu Thomas Nelson na John Dunlosky walipochapisha, mwaka 1994, orodha ya maneno 100 ya Kiswahili waliyoyapima ugumu wake, lugha yetu imekuwa chombo cha kazi kwa watafiti wa kumbukumbu: Wamarekani wengi hawaijui, lakini maandishi yake wanayasoma bila taabu.

Mimi nikisoma jaribio lile nawaza mtoto wa Kisangani. Kwake kibao kimegeuka. Mashua anaijua, kila siku anaona watu wakivuka Mto Kongo kwenda Lubunga. Asilolijua ni boat. Anafika shuleni na Kiswahili na Lingala vya mtaani, anakuta Kifaransa kinamsubiri ubaoni, na katika shule nyingine Kiingereza nacho kinaongezwa angali mdogo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na ofisi za Jumuiya hiyo zinafanya kazi zaidi kwa Kiingereza, kwa hiyo haja ipo. Suala ni namna ya kukifundisha.

Jaribio lenyewe lilikwenda hivi. Wanafunzi walisoma maneno, wakaulizwa, wakasoma tena, wakaulizwa tena. Tofauti ilianza pale mtu alipolikumbuka neno kwa mara ya kwanza. Kundi la kwanza liliendelea kulisoma neno hilo na kuulizwa. La pili halikulisoma tena, lakini liliendelea kuulizwa. La tatu liliendelea kulisoma, lakini halikuulizwa tena. Kwa kundi la nne, neno likishajulikana liliwekwa kando moja kwa moja. Mwisho wa somo makundi yote manne yalikuwa sawa, maneno wameyashika. Walipoulizwa watakumbuka mangapi baada ya wiki, wote walikisia karibu nusu.

Wiki ikapita. Makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka asilimia 80 hivi. Kundi la tatu, lile lililosoma tena na tena bila kuulizwa, lilikumbuka asilimia 36. La nne asilimia 33.

Hizo namba mbili za mwisho ndizo zinazonikaa moyoni. Kundi la tatu lilifanya kazi kubwa kuliko la nne, likasoma neno lilelile mara kwa mara, na juhudi zote zile hazikuliongezea karibu kitu. Tena lenyewe halikujua. Kusoma tena humfanya mtu ahisi kwamba neno ni lake, kumbe amelizoea tu usoni, kama jirani unayemsalimia kila asubuhi bila kulijua jina lake.

Mtu wa Kisangani ana mfano wa jambo hili mlangoni kwake, pale maporomokoni kwa wavuvi Wagenia. Mtego ukining'inia kwenye maji yale yaendayo kasi, samaki aliyemo ndani bado si kitoweo. Lazima mtu apande juu ya miti, ashike kamba, avute. Na mkono unaovuta kila siku ndio unaozidi kujua kuvuta. Neno nalo ni hivyo. Kulitumbukiza kichwani ni nusu ya kazi. Kila mara mtoto anapolitafuta mwenyewe na kulitoa, ndipo linapokuwa jepesi kutoka mara nyingine.

Mtu atasema: hao walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, watoto ni wengine. Lakini mwaka 1939 Herbert Spitzer alikwisha kuchapisha matokeo ya wanafunzi 3,605 wa darasa la sita katika jimbo la Iowa, Marekani. Aliwasomesha makala fupi, na miongoni mwa mada zake ilikuwamo karanga. Walioulizwa siku ileile waliyosoma walisahau kidogo sana kuliko wale waliokaa wiki kadhaa kabla ya kuulizwa mara ya kwanza. Nao walikuwa watoto, shuleni mwao, wakiulizwa habari ya karanga.

Sasa tuje kwenye michezo. Husemwa kwamba michezo inawafaa watoto kwa sababu inawafurahisha, na furaha ni kitu kizuri, siipingi. Ila furaha peke yake haifundishi msamiati. Mchezo wa darasani naupima kwa jambo moja: unamlazimisha kila mtoto kulitafuta neno kichwani mwake, au mtoto mmoja anatafuta na arobaini wanapiga makofi? Darasa zima likiitikia kwa sauti moja baada ya mwalimu, linapendeza sikioni, lakini ndani ya sauti ile mtoto anaweza kujificha mwaka mzima. Na michezo ya kuwatoa wanaokosea ina kasoro mbaya zaidi: yule anayehitaji kuulizwa mara nyingi ndiye anayekwenda kukaa wa kwanza.

Mchezo ninaoupenda unataka kitenge na vitu vinane tu. Kijiko, ufunguo, kitana, kipande cha sabuni, jiwe, jani, karanga, kaa la moto lililozimika. Vipange juu ya benchi, watoto wavitazame. Majina walikwisha kuyasikia juzi, leo mwalimu hayasemi. Vifunike. Ingiza mkono chini ya kitenge, toa kimoja, kifiche mfukoni, kisha funua. Darasa linanyamaza lenyewe. Hapa wasiachwe wapaze sauti, maana mwepesi mmoja akisema amewaibia wenzake wote nafasi ya kutafuta. Kila mtoto aandike kwa chaki kwenye kibao chake, akikilaza kifuani. Moja, mbili, tatu, vibao juu! Mwalimu anaona yote kwa mara moja: huyu ameandika key, yule kee, mwingine amechora kitana kwa sababu neno limegoma kuja. Kisha ufunguo unatoka mfukoni, na jina lake linasemwa na kuandikwa ubaoni.

Hatua hiyo ya mwisho isirukwe. Kosa lisilosahihishwa nalo linakumbukwa.

Wasiojua bado kuandika wanong'onezane wawiliwawili. Na pale darasa lilipofurika, kama ilivyotokea shule nyingi tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019, wagawanywe makundi ya watoto sita, kila kundi na kitenge chake na vitu vilivyookotwa uani. Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu akichungulia aambiwe kwamba zile ni kelele za watoto wanaotafuta maneno.

Kishawishi kikubwa huja wiki inayofuata. Watoto wamekwisha kujua spoon, wanaisema hata kabla ya kuulizwa, na mwalimu anataka kukiondoa kijiko ili aweke kitu kipya. Vipya viingie, sawa. Lakini kundi la nne la Karpicke na Roediger liliondoa neno siku lilipojulikana, na baada ya siku saba maneno mawili katika kila matatu yalikuwa yamekwenda. Kijiko kirudi chini ya kitenge Alhamisi, kirudi tena baada ya wiki mbili, na siku moja mwezi ujao, watoto wakiwa wamekisahau kitenge chenyewe, mwalimu akitandike upya bila kuweka kitu chochote chini yake, aseme: andikeni vyote vinane.