Kichekesho Kisichocheza na Muziki
Ukisikia sekunde chache za mwanzo za wimbo unaoufahamu vizuri, akili hutangulia na kuanza kuyasubiri maneno. Msanii wa nyimbo za mwigo hutegea hapohapo: sauti inakuja ileile uliyoitarajia, maneno yanakuja mengine kabisa. Michael Jackson aliimba “Beat It”. Mwaka 1984 Mmarekani “Weird Al” Yankovic akatoa “Eat It”, akimkaripia mtu anayechagua chakula. Mizani haikuguswa, vina viliangukia palepale, gitaa likalia vilevile. Wimbo huo ulimpatia tuzo ya Grammy.

Mzaha, basi, umo katika maneno. Muziki ukiyumba kidogo tu, hadhira inazinduka na mshangao unakufa. Studioni sehemu yenye kosa hurekodiwa upya. Jukwaani hakuna nafasi hiyo. Ndiyo maana nguzo ya matamasha ya Yankovic ni bendi yake. Mpiga ngoma Jon Schwartz, mpiga besi Steve Jay na mpiga gitaa Jim West wako naye tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mpiga kinanda Rubén Valtierra alijiunga mwaka 1991. Katika usiku mmoja wanatoka kwenye roki nzito wakaingia kwenye rapu, kisha polka inayoongozwa na akodiani ya Yankovic mwenyewe, na kila mtindo lazima usikike kana kwamba hawajui mwingine.

Kuna pia kazi ya maleba. Kwa “Fat”, mwigo wa “Bad” uliotoka 1988, mwimbaji alikuwa akitokea ndani ya vazi linalomnenepesha mwili mzima. Kwa “Amish Paradise” huvaa kofia na ndevu. Wakati anabadili mavazi nyuma ya pazia, skrini huonyesha vipande vifupi vya video za kuchekesha, na ukumbi haupoi.

Kisheria, mwigo unaweza kupata kinga nchini Marekani. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kundi la 2 Live Crew kuhusu wimbo “Oh, Pretty Woman”, ilisema kuwa mwigo unaweza kuwa matumizi halali hata ukifanywa kwa biashara. Hata hivyo Yankovic huwaomba ruhusa wenye nyimbo. Paul McCartney, asiyekula nyama, hakupenda “Live and Let Die” igeuzwe wimbo wa pai ya kuku, na mwigo huo haukurekodiwa kwa albamu.

Ushahidi mkubwa zaidi kwamba muziki ndio unaoubeba mzaha wake ulikuja mwaka 2018. Yankovic alizunguka na ziara isiyo na maleba wala skrini, akaziweka kando karibu nyimbo zake zote za mwigo na kupiga zile alizotunga mwenyewe. Mwaka uliofuata akarudi na okestra kamili. Muziki wake ulisimama kwa miguu yake katika hali zote mbili.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu wachekeshaji wengi huanza na maneno na kuuachia muziki ujitafutie njia. Anayetaka kuuiga wimbo wa mtu jukwaani aufanyie kwanza mazoezi jinsi ulivyo, pumzi kwa pumzi, mpaka aweze kuuimba bila kuchekesha. Hapo ndipo atakapokuwa na haki ya kubadili neno.