Nasaba ya Samaki Perka

Wataalamu wa ilimu ya viumbe, wanapotaka kuwapanga samaki kwa nasaba zao, hawaridhiki na rangi wala ukubwa, bali hukagua mapezi, miba na magamba, kwani humo ndimo ujamaa wao hudhihirika. Ukoo wa perka, yaani Percidae, ambao makao yake ya asili ni maji baridi ya Ulaya, Asia na Amerika Kaskazini, una aina zaidi ya 200, nao hutambulikana kwa miba mikali ya mgongoni, pamoja na pezi la chini, karibu na mkia, lenye mwiba mmoja au miwili tu.

Mwaka 1758 Carl Linnaeus, mwanachuoni wa Uswidi, alimtia sangara wa Mto Nile katika jenasi ya Perca, ambayo leo imo katika ukoo huo. Lakini sangara, ambaye pezi lake la chini lina miba mitatu, na mstari wa ubavuni mwake hufika hadi ncha ya mkia, baadaye alitolewa humo, na leo huhesabiwa katika ukoo wa Latidae. Basi sangara wa Ziwa Viktoria, aliyepandikizwa humo katika miaka ya 1950, si wa ukoo mmoja na perka wa Ulaya, ijapokuwa sura zao zashabihiana. Nasi twapata ilimu kuwa mshabaha wa umbo pekee si hoja tosha ya udugu.